Nozeli Sikuzitoa

Injini ilikuwa imekwama. Trekta lenyewe lilinizidi umri, na ndilo la kwanza kulimiliki maishani. Nilimimina oili ndani ya silinda, nikasubiri wiki tatu ilainishe pistoni zilizoshikana.

Mke wangu alikuwa kwa binti yetu, amekwenda kulea mjukuu. Alikuwa akipiga simu kila jioni.

"Mzee, mtoto ameanza kutambaa. Wewe bado unabembeleza chuma?"

"Injini ikizunguka tu, nakuja."

"Angekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia. Sasa nikapigane na trekta?"

Tulicheka. Akishakata, nyumba inakuwa kimya hadi nasikia bomba likidondosha maji. Nilikuwa nakula nimesimama, sufuria mkononi, maana sahani ya mtu mmoja mezani inachosha kuitazama.

Jumamosi niliazima betri, nikapiga stata. Haraka ilinitia upofu: nozeli, zile za kupuliza dizeli ndani ya silinda, sikuzitoa, na oili ilikuwa imejaa juu ya pistoni bila pa kutokea. Oili haibonyei. Injini ilizunguka nusu, kitu kikalia ko! ndani, ikasimama. Niligeuka nimwambie mtu. Hapakuwa na mtu.

Jioni mke wangu akauliza, "Imezunguka?"

"Imezunguka."

"Basi si uje, baba."

"Bado kidogo."

Nilikuwa na elfu sitini, nauli ya kwenda na kurudi. Nilipofungua injini, nikakuta mkono wa pistoni umepinda. Nikapata mwingine uliotumika kwa elfu arobaini. Gasketi, elfu kumi na mbili. Zikabaki elfu nane, na basi la kwenda tu ni elfu thelathini.