Yuru wa Teshka

Majitu ya chuma yalipohama bonde la Hadoru yaliacha mabomu yamefukiwa kwenye njia ya mlimani, na bonde lile halina njia nyingine. Teshka hakuwepo siku hiyo. Yeye na wifi yake Ilmara walikuwa wamevuka mlima kubadilisha jibini kwa nafaka, na waliporudi walikuta kijiji kizima kimesimama upande wa pili, hatua mia mbili hivi, hakuna anayethubutu kuja. Mzee Bunro na mkwewe walikuwa wamejaribu. Walikuwa bado wamelala pale walipoangukia.

Watu walirusha mawe, wakavingirisha magogo, wapi. Mabomu yale hayakujali kitu kisicho na joto mwilini. Yalilala yakingoja nyama na damu.

Siku ya sita Omiru, mume wa Teshka, alikuja ukingoni na bomba la kupazia sauti.

"Mke wangu, chakula kimekwisha. Jana tumemzika mtoto wa Sarune."

"Sasa mimi nifanyeje huku?" Teshka alipaza sauti.

Omiru aliinua tena bomba. "Waite yuru wako waje huko," alisema.

Teshka aligeuka akaanza kutembea kurudi alikotoka. Ilmara alimfuata mbio, akamshika nguo.

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Niache."

"Sikuachi. Wanangu wawili wako kule. Kama kungekuwa na mtu mwingine wa kuwaita ningemwendea yeye, nisingekubembeleza wewe na kiburi chako hicho."

Hakuwepo mwingine, Teshka alijua. Yuru, mnyama wa kufugwa wa huko milimani, hana macho. Husikia kwa nyayo zake sita, na humjua mtu mmoja tu, yule aliyemlambisha chumvi kiganjani siku aliyozaliwa. Ukimswaga, anajilaza chini kama gunia la mchanga, naye ni mzito kama mtu mzima. Ukitaka aje, mmiliki wake apige kisigino ardhini. Omiru alikuwa ameishi nao miaka kumi na minne, akiwakamua na kuwafagilia zizi, na hawakuwahi kumfuata hata hatua moja. Kijijini walikuwa wakimtania kwamba yeye ni mpangaji tu mle ndani.

Teshka alirudi. Alikaa chini, akavua viatu.

"Wabebeni muwapange," alimwambia mumewe. "Pemu atangulie. Wengine watakanyaga alipokanyaga."

Jua dogo lilikuwa limeshachomoza juu ya mwamba, lile kubwa bado. Teshka alipiga kisigino mara tatu. Kule ng'ambo Pemu, jike mzee mwenye ngozi kama gome lenye ukungu, aliinua mguu wa mbele, akausikiliza udongo, akaanza kuja. Nyuma yake walikuja thelathini, mmoja mmoja, kama walivyokuwa wakirudi malishoni kila siku.

Pemu alifika hatua ya ishirini. Ardhi ilifumka.

Moshi ulipotawanyika, waliobaki walikuwa wamelala, matumbo yameshikamana na ardhi, wanatetemeka. Teshka alipiga kisigino. Hawakusogea. Akapiga tena.

"Wameogopa," Omiru alisema, na sauti yake kwenye bomba ilikuwa imekauka. "Teshka, hawatakuja."

Ulikuwepo mpigo mwingine. Miwili ya haraka na mmoja wa kuburuza, mpigo wa chumvi. Tangu awe mfugaji hakuwahi kuupiga mikono mitupu, maana yuru ukimdanganya kwa chumvi mara moja hakuamini tena. Aliitazama mikono yake. Kisha akaupiga.

Wakainuka.

Waliendelea kuja hivyo, wakilala kila bomu lilipolipuka, wakiinuka kila alipoupiga ule mpigo wa chumvi. Alikuwa akiwajua wote kwa mwendo. Huyu mwenye mguu mfupi, yule aliyenyonyeshwa kwa kitambaa. Ilmara alikuwa amejifunika uso kwa shali. Teshka hakufumba macho, aliona hiyo ni haki yao ndogo iliyobaki. Kisigino kilichanika, akahamia mguu wa pili.

Wanne walifika. Walimzunguka wakamlamba viganja, wakitafuta.

Nyuma yao watu walivuka kwa mstari mmoja wakikanyaga palepale penye damu, wazee wamebebwa mgongoni. Watoto wa Ilmara walikuja wakiwa hai. Watu walikuwa na njaa ya siku nyingi, na nyama ilikuwa njiani. Jioni waliwasha moto. Sarune, ambaye mwanawe alikuwa kaburini upande ule, alimletea Teshka bakuli.

"Sitaki," Teshka alisema.

"Hata mimi sitaki. Lakini kesho tunatembea mchana kutwa. Kula."

Alikula. Nyama ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomliza.

Asubuhi walijiandaa kuteremkia tambarare ya Kesumi, ambako kuna joto, na yuru haishi siku mbili kwenye joto. Huku juu kuvu ya miamba ilikuwa tele. Wale wanne wangeweza kuishi, ilimradi wasimfuate.

Omiru alichana blanketi lake. Alipiga magoti, akaifunga miguu ya mkewe kwa vitambaa, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ikawa minene kama mito.

"Tembea polepole," alisema. "Usikanyage kwa nguvu."

Yuru walikuwa wakila kando ya mwamba. Teshka aliteremka kwa kunyata, ameshikilia bega la mumewe, na mwendo wa nusu siku uliwachukua siku nzima. Hakugeuka kutazama. Kila mara alimwuliza Omiru kama kuna anayekuja nyuma, na Omiru alitazama, akamwambia hakuna.