Gari Lisilokula Sana

Niseme mapema, ili asinikatize mtu: gari ni langu. Nalisema hili kwa sababu nyumbani kwetu lilishasahaulika.

Mimi ni mfamasia. Duka langu la dawa linatazamana na geti letu, kiasi kwamba nikisahau miwani narudi kuichukua kabla mteja hajamaliza kunieleza kikohozi chake. Sihitaji gari kwenda kazini. Nililinunua kwa ajili ya mama. Jicho lake la kulia lilishazimika kwa presha ya macho, na la kushoto lilikuwa njiani kulifuata. Hospitali ya macho iko mji mwingine kabisa, nyuma ya milima, na tulikuwa tunaitwa huko mara kwa mara. Ndiyo maana nikachukua la dizeli.

Kaka yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye alikuwa na gari la aina hiyo hiyo, umbo lile lile la kukaa chini kama linataka kuruka, viti vile vile vya kukubana kiunoni, ila lake la petroli. Akaniambia nimenunua gari la mbio nikalitia moyo wa trekta. Tangu siku hiyo likaitwa Trekta, na watoto wake wakadakia. Ni kweli kwamba asubuhi lake liliamka kimya na langu liliamka likigonga gonga kama fundi bati. Lakini lake lilitaka kukanyagwa mpaka lipige kelele ndipo liondoke kwa heshima. Langu ukiligusa tu linakusukuma mgongoni, na mlimani lilikuwa linapanda huku mimi na mama tukipiga soga. Tangi moja lilitupeleka hospitali na kuturudisha. Kaka alipolipitisha lake njia hiyo hiyo mara moja, alisimama vituoni mpaka akarudi amenuna.

Sasa dizeli za siku hizi zina sharti lake. Ndani ya bomba la moshi kuna chujio linalokamata masizi, na masizi hayo hayaungui mpaka gari liende mwendo mrefu, injini ipate moto sawasawa. Ukilitumia kwa safari za kutoka hapa hadi pale, chujio linaziba. Likiziba, gari linajipunguzia nguvu lenyewe. Niliyaeleza haya mezani, kila mtu akiwepo, nikarudia kwa wifi yangu peke yake, nikarudia kwa kaka. Nilieleza taratibu, kama ninavyomweleza mgonjwa kwamba dozi haikatwi katikati.

Walichosikia ni kimoja: halili sana. Basi nikiwa dukani, namwona wifi anatoka na gari langu kwenda saluni ya mtaa wa pili. Halafu linarudi, linatoka tena, kaka anakwenda kunyolewa. Halafu watoto wanapelekwa shule ambayo kengele yake tunaisikia tukiwa jikoni. La kwake, la petroli, limelala kivulini chini ya turubai, maana petroli ghali. Nilikuwa nahesabu vidonge huku damu inanichemka. Nikaficha ufunguo, mama akawapa ule wa akiba. Nikamuuliza kwa nini, akasema ni gari tu, ndugu hawagombanii chuma.

Na mimi sikuwa tofauti sana na gari lenyewe. Sina mume, sina mtoto, sili sana, basi ni wa kutumwa. Bili ya maji, mimi. Mgeni wa kupokelewa, mimi. Usiku wa kuamka kumtia mama dawa ya matone, mimi. Na nikilalamika wananitazama kwa mshangao, kwamba imekuwaje leo Trekta linatoa sauti.

Kisha tukapata siku ya upasuaji. Muuguzi alinieleza kwa simu bila kuzungusha maneno. Daktari wa upasuaji ule huja pale kwa nadra, mama awe amefika kabla ya adhuhuri, akichelewa nafasi anapewa mwingine, na jicho lenyewe halina subira ya kungoja aje tena. Niliyarudia maneno hayo nyumbani neno kwa neno. Nikamwomba kaka, nikamwomba kabisa, kwamba tangu hapo mpaka siku hiyo gari lisiguswe. Akasema sawa. Hata hakuinua macho kwenye simu yake.

Siku ilipofika tuliondoka alfajiri. Mama alikuwa amevaa kanga mpya na amepakata kikapu chenye ndala na chupa ya chai. Kwenye tambarare nililiona gari zito kidogo, nikasema labda ni baridi. Tulipoanza mlima mkubwa likakata nguvu. Halikuzima, lingezima ningeelewa. Lilikataa tu kuvuta. Nakanyaga mpaka chini, linatambaa. Nikasimama pembeni, nikazima, nikawasha tena, likawa vile vile.

Kilichonishangaza ni kwamba hapakuwa na taa yoyote iliyowaka mbele yangu. Gari kama lile halikosi nguvu kimya kimya. Nikapapasa kioo cha saa ya mwendo, ukucha ukakwama kwenye kitu. Ulikuwa utepe mweusi wa mafundi umeme, kipande kidogo, kimekatwa kwa mkasi kikalingana na taa yenyewe. Nikakibandua. Chini yake taa ya njano ya chujio inawaka, na sijui ilikuwa inawaka tangu lini. Kilichonipanda kichwani zaidi ni ule unadhifu. Mtu alitulia, akatafuta mkasi, akapima.

Nikampigia kaka. Hakukana.

"Ah, ile taa? Ilikuwa inamtia wasiwasi wifi yako, kila akiwasha gari inamkodolea macho. Na gari lilikuwa linatembea vizuri tu."

Nikamwambia alete la kwake, sasa hivi, atukute mlimani. Akasema tangini hamna kitu, na matairi yake ni membamba, ile barabara itayamaliza, na isitoshe kama langu bado linatambaa basi twende nalo pole pole. Nilimjibu maneno ambayo mama hakuwahi kuyasikia kinywani mwangu, nikakata simu.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasokota ncha ya kanga.

"Usimtukane kaka yako," akasema. "Aliniambia habari ya hiyo taa. Mimi ndiye niliyemwambia asikwambie."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza kwa nini.

"Ungemnyang'anya gari mbele ya mkewe. Mwanamume akidhalilishwa kwake, atakaaje? Wewe una moyo mpana, mwanangu. Wewe unavumilia."

Nilishuka nikasimama barabarani kupungia magari. Yaliyosimama yalikuwa malori ya mchanga, na mama hakuweza kuinua mguu kufikia ngazi ya kwanza, tulijaribu mpaka dereva mmoja akaniambia nisimuumize mzee wa watu. Basi tukarudi garini tukatambaa. Malori yale yale yakatupita. Jua likapanda, nami nikawa nalitukana gari, namtukana kaka, namtukana wifi na nywele zake, yote moyoni, kwa sababu mama alikuwa pembeni yangu anasali kwa sauti ya chini, na nilimsikia akimtaja kaka kwanza.

Hospitali tulifika watu wakitoka kula chakula cha mchana. Aliyepewa nafasi ya mama alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, amelala na bandeji jichoni, na binti yake akanitabasamia bila kujua kitu. Daktari wa zamu alimmulika mama jichoni, akammulika tena. Akaandika dawa za matone zile zile ninazouza mwenyewe. Akaniambia nimrudishe mama pale daktari wa upasuaji atakapokuja tena, ila hawezi kuniahidi kwamba siku hiyo patakuwa na cha kuokoa. Mama alikuwepo, alisikia yote.

Tukakaa kwenye benchi la nje, ukutani. Mama akanishika goti.

"Kaka yako usimwambie kwamba tumechelewa," akasema. "Atajisikia vibaya."

Hapo ndipo nilipompigia. Nikaiweka simu sauti ya nje, nikaiweka juu ya benchi katikati yetu. Kaka akapokea akiwa mchangamfu, nyuma yake redio inaimba, akauliza Trekta limefika? Nikamwambia limefika, ila mama hajapasuliwa. Nafasi ilishatolewa. Nikamwambia ameziba taa kwa sababu mkewe hataki kukodolewa, na sasa mama atabaki gizani, na akitaka kujua rangi ya giza hilo abandike utepe wake machoni. Niliyasema yote bila kupaza sauti, na sikuona haya hata kidogo.

Redio ikazimwa. Kaka akaanza kulia, kilio cha mtoto, cha kwikwi, akimwita mama.

"Nipe simu," mama akasema. "Nipe nimtulize."

Akanyoosha mkono. Ukapita juu ya simu, ukapapasa ubao wa benchi, ukarudi, ukapapasa upande usio na kitu. "Iko wapi? Nipe, mwanangu, anaumia." Kaka alikuwa bado anamwita. Simu ilikuwa kiganja kimoja tu kutoka vidoleni mwake.

Sikumwelekeza.