Ndevu za Malkia

Tangu asubuhi Perronelle hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka anakwenda dirishani kuchungulia uchochoro, kisha anarudi kuitazama ile picha aliyoichora kitabuni, ya malkia akipakwa mafuta siku ya kutawazwa. Kitabu kizima kilikuwa cha ibada hiyo, na leo kinachukuliwa. Aliomba jambo moja tu: uso wa malkia usiguswe. Ulikuwa uso wa Aveline, binti yake, waliyemzika Kwaresima. Siri hiyo hakumwambia mtu, hata mumewe Oudin, aliyekuwa pale pale akisaga rangi kimya, kama alivyosaga tangu msiba.

Kanoni Guérin, padri wa kanisa kuu aliyekiagiza kitabu, akaingia, akafunua kurasa, akaguna.

"Haya, na hii nini tena? Askofu ameshika kichupa kilichoshuka mbinguni?"

"Si ndicho cha mafuta, Padri?"

"Cha mfalme! Malkia hupakwa mafuta ya kawaida, hata watoto wa Reims, wanakotawaziwa wafalme, wanajua. Akili zako zilikuwa wapi, mama?"

Zilikuwa makaburini, lakini atamwambiaje?

"Nitakikwangua."

"Dhahabu hiyo? Utatoboa ngozi ya ukurasa. Mtie ndevu huyo, awe mfalme. Yamekwisha."

"Mfalme yuko ukurasa wa nyuma, Padri!"

"Aonekane mara mbili. Umewahi kumsikia mfalme akilalamikia hilo?" Akacheka peke yake. "Fanya haraka, nangoja."

Lo, mtu huyu! Perronelle alitamani kumrushia bakuli la rangi. Alimtazama Oudin, labda atamtetea. Oudin akamsogezea rangi ya kahawia tu. Basi akashika brashi, akaanza kidevuni. Nisamehe, mwanangu. Nisamehe. Kila unywele aliouchora ulimchoma moyo, akaona anamzika mtoto kwa mara ya pili, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Oudin akaja kuangalia kama rangi imekolea. Akainama. Akajishika ndevu zake.

"Mbona umenichora mimi?"

Machozi yakamtiririka Perronelle. Oudin akatazama tena, macho yale, pua ile. Akaziba ndevu za pichani kwa kiganja bila kuzigusa.

"Alikuwa humu," alisema. "Siku zote hizi nakusagia rangi, kumbe yumo humu, nawe hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Oudin? Hata jina lake ulikuwa hulitaji."

"Aveline," alisema Oudin, akaangua kilio.

Kanoni akakohoa, akauliza kama rangi imekauka. Oudin hakuondoa kiganja.