Kiti cha Sentimita Hamsini na Mbili

"Sekunde tatu tu," wifi yangu Clotilda alikuwa akisema. "Anashuka, anatoa kikapu, anainuka. Sekunde tatu zitamfanya nini?"

Nilimwambia nyonga haihesabu sekunde. Inaangalia umeikunja kiasi gani na umeielekeza wapi. Ukikosea, inatoka kabla mtu hajamaliza hata kusalimia.

Tulikuwa tumebishana tangu saa tatu asubuhi na sasa ilikaribia saa tano. Wageni walisema watafika saa sita. Tulikuwa Buganguzi, kwenye nyumba ya ukoo wa mume wangu, chumba cha ndani, na binti yangu Joanitha amesimama katikati yetu na fimbo yake. Chini palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mto. Nilikuwa nimetoka uani kumtazama mbuzi wa wageni anavyochunwa, nikaingia na kumkuta Clotilda amemshika mpwa wake mabega, anamfundisha kupiga magoti. Joanitha alikuwa ameshaanza kuinama. Nilimvuta juu kwa mkanda wa gauni.

Clotilda ni dada mkubwa wa mume wangu, na kwetu shangazi ndiye anayemwandaa binti. Siku wakwe wanapokuja kumwona, binti huingia na kikapu kidogo cha emwani, yaani buni zilizochemshwa na kukaushwa kwa kutafunwa. Hupiga magoti mbele ya kila mzee, akakalia miguu aliyoikunja upande mmoja, akasalimia, akatoa kikapu kwa mikono miwili. Akikosea, hawasemi binti kakosea. Wanauliza shangazi yake ni nani. Kwa hiyo Clotilda hakuwa anatafuta ugomvi. Alikuwa anatetea jina lake.

Joanitha ana miaka ishirini na sita, anauza dawa kwenye duka moja Miembeni, na ana selimundu tangu azaliwe. Watu wakisikia selimundu hufikiria damu tu. Lakini zile chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, na mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja ni midogo sana. Miaka miwili iliyopita kichwa cha paja lake la kulia kilianza kukosa damu. Kikafa, kikabonyea kama chungwa lililokaliwa. Mfupa uliotakiwa kuwa mviringo ukawa na pembe, na kila hatua pembe ile ikawa inakwaruza kikombe cha nyonga. Wiki saba kabla ya siku hii, huko Mwanza, walikikata kichwa chote na kumwekea kipya, tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe chenye plastiki ngumu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ila ili kuingia walipitia nyuma, na kuingia ni kukata. Walikata mfuko unaoshika kiungo na misuli midogo iliyo nyuma yake, kisha wakashona. Daktari akatupa masharti ya wiki kumi na mbili. Goti lisipande juu kuliko nyonga. Miguu isipishane. Kidole gumba cha mguu wa kulia kisielekee ndani. Ukitaka kuyavunja yote matatu kwa mkupuo mmoja, piga magoti kama mwanamke wa Kihaya kisha kunja miguu kulia.

Mimi ni afisa mifugo. Nina stashahada na miaka kumi na tisa kazini, na masharti naelewa. Niliporudi kutoka Mwanza nilimpima Joanitha kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, nikaongeza kidogo, nikaenda kwa fundi pale Kagondo tunakoishi. Akanitengenezea viti viwili vya mbao vyenye mikono, urefu wa kukalia sentimita hamsini na mbili. Kimoja kina tundu, kwa ajili ya choo cha shimo. Kingine ni cha kawaida. Si vizuri, lakini viko imara. Asubuhi ile Clotilda alikuwa amekificha cha kawaida kwenye stoo ya kahawa kwa sababu, alisema, kinafanana na kizimba cha mahakamani, na mgeni yeyote angeuliza ni cha nani.

Alitaka kuificha hata fimbo. Alipoona haiwezekani, akamwambia Joanitha basi aishike mkono wa kulia, upande wa ugonjwa, ili angalau ionekane inafanya kazi. Nalo nilikataa. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, misuli ya pembeni ya nyonga ile ndiyo inayozuia kiuno kisilalie upande wa pili, na kwa kuwa inavuta kutoka karibu, inavuta kwa nguvu nyingi. Nguvu yote hiyo inakandamiza kiungo. Fimbo ikiwa mkono wa pili inasaidia kutoka mbali, na misuli inapumzika. Clotilda alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kila siku anawaona wazee wanashika fimbo upande unaouma na bado wanafika kanisani. Nikamwambia wanafika wakiwa wamechoka.

Lakini lawama zote si zake. Upande wa mwanamume ulipanga kuja mwezi uliopita. Aliyewapigia simu na kusema binti ana malaria kali ni mimi. Clotilda ndiye aliyenishauri, ila mdomo ulikuwa wangu. Tuliogopa. Mchumba mwenyewe, Avit, anajua kila kitu. Alipima damu yake kabla hajamwambia Joanitha neno la ndoa, haina selimundu, na siku ya upasuaji alilala kwenye benchi nje ya wodi. Wazee wake ndio hawakujua. Na Clotilda alikuwa na hakika kwamba wazee wakijua, kutakuwa na kunong'ona kidogo, kisha udhuru, kisha kimya.

"Mto huu nimeuleta kwa nini?" aliniuliza. "Goti halitagusa sakafu. Chuma hakitavunjika."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa lake. Asubuhi nzima mimi nilikuwa nazungumzia kitu kutoka, yeye alikuwa anafikiria kitu kuvunjika. Ndiyo maana alileta mto.

"Wifi, njoo uani," nilimwambia. "Na wewe Joanitha, njoo, taratibu."

Datius, jirani aliyekuja kutuchinjia, alikuwa amemning'iniza mbuzi kwenye mti wa parachichi na ameshatoa utumbo. Nilimwomba anikatie robo ya nyuma pamoja na mfupa wa kiuno, asiitenganishe na paja. Alilalamika kwamba naharibu ukataji wake. Nikaweka nyama juu ya majani ya mgomba, nikaondoa mnofu wa nyuma mpaka kiungo kikaonekana, cheupe na kinachong'aa.

Kwanza nilimpa Clotilda kiungo kikiwa kizima. Nikamwambia akitoe kichwa cha paja kwenye kikombe. Alivuta, akazungusha, akakanyaga mfupa wa kiuno kwa kandambili na kuvuta tena. Hakikutoka. Datius akamwambia mbuzi alishachinjwa, kwa nini anamwonea. Joanitha alicheka, na hata Clotilda midomo ikamtikisika.

Nikachukua kisu cha Datius. Nikafungua mfuko wa kiungo upande wa nyuma, kama walivyofanya Mwanza. Ndani yake kuna kano fupi linalofunga kichwa cha paja kwenye kikombe, nalo nikalikata, maana la Joanitha liliondoka na mfupa wake uliokufa. Halafu nikamrudishia.

"Huyu sasa ni Joanitha," nilisema. "Mnyooshe."

Akamnyoosha. Kichwa kikakaa vizuri ndani ya kikombe.

"Mkalishe kwenye kiti kirefu."

Akakunja kidogo. Kikakaa.

"Sasa mpigishe magoti. Paja lije tumboni. Lilete kati. Kunja mguu kulia."

Alifanya kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto. Kikatoka. Kilitoa mlio mdogo wa kunyonya, na kichwa cha mfupa kikachomoza nyuma ya kikombe, chote. Clotilda alibaki ameshika paja kwa mikono miwili, hana pa kuliweka.

Nilimwambia kwa mtu mlio ule hufuatwa na kelele, na kwamba nyuma ya pale ndipo unapopita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka unyayoni. Ukikandamizwa, mguu unaweza kulegea. Na kukirudisha ni kazi ya hospitali, mgonjwa amelazwa usingizi. Kutoka Buganguzi mtu hafiki huko kwa dakika kumi.

Nilidhani ugomvi umekwisha. Lakini Clotilda si mtu wa kusalimu amri kwa kuonyeshwa mara moja. Alikirudisha kichwa ndani kwa kidole gumba na kuniuliza, akikunjia kushoto je? Nikamwambia ajaribu mwenyewe. Akakunja upande wa pili. Hakikutoka haraka. Akainua macho na kunitazama kama mwenye bao. Nikamwambia aendelee kushusha mpaka mtu awe amekaa kwenye visigino na kuinama kutoa kikapu. Akashusha. Shingo ya mfupa ikagota kwenye ukingo wa kikombe upande wa mbele, na ukingo ukawa kama jiwe chini ya mtaimbo. Alipoongeza nguvu kidogo tu, kichwa kikanyanyuka nyuma.

Akaiweka robo ya mbuzi juu ya majani. Akafuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Sasa emwani nani atapeleka?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli.

Nilisema nitapeleka mimi. Nilikuwa nimeshaifikiria: Joanitha abaki chumbani, tuseme malaria haijamwisha, wazee wapewe chakula na pombe ya rubisi, warudi kwao, na baada ya wiki tano apige magoti ya kutosha. Nilikuwa bado nayapanga maneno Joanitha aliponikata.

"Malaria hapana, mama," alisema. "Nitapeleka mwenyewe. Nitakaa kwenye kiti changu na wataambiwa kwa nini. Kama wanaondoka, waondoke leo, nikiwa bado kwetu."

"Na wakiondoka kweli?" Clotilda akamuuliza.

"Hao watakuwa wameondoka, shangazi. Nyonga nitabaki nayo."

Datius alisimamisha kisu. Tukasikia gari linapunguza mwendo barabarani, kisha linaingia kwenye njia ya kibanja, katikati ya migomba. Walikuwa wamewahi kwa robo saa. Mume wangu, Karugendo, alikuwa anatoka mbele kuwapokea, namsikia anakohoa kikohozi chake cha shughuli.

Sikubaki kufikiri. Uongo ule ulikuwa wangu na nilikuwa nimechoka kuubeba. Nilinawa mikono, nikaenda stoo ya kahawa, nikakivuta kile kiti kutoka nyuma ya magunia. Kilikuwa na vumbi la maganda. Clotilda alininyang'anya. Nilidhani anataka kukirudisha. Akakipangusa kwa khanga ileile, akakibeba mwenyewe, akapita nacho mlango wa nyuma mpaka sebuleni, akakisimika katikati ya mkeka mpya, mbele ya makochi. Akakitikisa kuona kama kinayumba. Hakikuyumba.

Wazee waliingia watano, Avit nyuma yao amevaa koti linalombana. Baba yake, mzee Mushumbusi, alipewa kochi la katikati, lile laini, akazama ndani yake mpaka magoti yakawa juu. Wote walikitazama kiti.

Joanitha aliingia na fimbo yake, mkono wa kushoto. Alifika, akageuka, akarudi nyuma mpaka akahisi ukingo wa kiti nyuma ya miguu. Akatanguliza mguu wa kulia mbele, akashika mikono ya kiti, akakaa mgongo wima, kama alivyofundishwa Mwanza. Clotilda akapiga magoti kushoto kwake na kumpa kikapu. Mimi nikapiga magoti kulia.

"Kaboneka, waitu," nilisema, salamu yetu ya heshima kwa wazee. "Huyu ndiye Joanitha. Ana selimundu tangu azaliwe. Nyonga yake ya kulia ni ya chuma, imewekwa wiki saba zilizopita. Mwezi uliopita niliwaambia ana malaria. Nilidanganya, na kosa ni langu. Hawezi kupiga magoti wala kuinama, kwa hiyo tumepiga sisi kwa niaba yake. Emwani zenu hizi hapa."

Avit alikuwa anatazama viatu vyake.

Joanitha akasalimia kwa Kihaya, sauti yake ya kawaida ya dukani, akanyoosha kikapu kwa mikono miwili bila kuinama. Kikaishia hewani. Kati ya kikapu na mkono wa mzee palikuwa na hatua nzima, na mzee mwenyewe alikuwa amezama chini sana kwenye kochi. Clotilda alianza kuinua mkono ili akisogeze, nikamtikisia kichwa, akaushusha.

Mzee Mushumbusi akashika mkono wa kochi, akajisukuma mara moja, akashindwa, akajisukuma tena, akasimama, akanyoosha mikono miwili kukifuata kikapu.