Maji Yasiyo na Harufu

Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho vizuri, Ruweida aliyaona maji kwanza kwenye dari. Bwawa lilikuwa uwani, chini ya dirisha lake, na jua likishapanda juu ya mikarafuu ya kijiji chao cha Wawi liliyagonga yale maji likayarusha ndani ya chumba, yakawa yanacheza pale juu kama mtandio mwepesi unaopepea bila upepo. Alilala akiyatazama, hajui kama keshaamka au bado yumo ndotoni, mpaka amsikie mkwewe akikohoa chumba cha pili. Hapo ndipo dunia ilipomrudia.

Bwawa lile lilijengwa kwa ajili ya huyo mkwewe, Bi Kazija. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto, na daktari alisema mguu ungepata nguvu kama mama angezoeshwa kutembea ndani ya maji, maji yenyewe yambebe. Hafidh, mtoto wake wa pekee na mume wa Ruweida, alilisikia neno hilo kwa simu akiwa kazini Maskati, akalishika kama wasia. Pwani hakutaka kuisikia. Pwani ya karibu ilikuwa tope na mikoko, na mama yake si mtu wa kukokotwa mbele za watu. Akatuma mafundi. Uwani pakachimbwa, pakapandishwa ukuta mrefu, pakapigwa vigae vya buluu, na kwenye ngazi za kuingilia pakatiwa vyuma vya kushikilia.

Nyumba ikawa na kipande cha mbingu uwani. Watoto wa jirani walikuja siku za mapumziko wakaruka na kupiga kelele, na Ruweida mwenyewe, akishamaliza kazi za jikoni, alikaa ukingoni na miguu ndani ya maji, akasahau alichokuwa akiwaza. Bi Kazija peke yake ndiye asiyewahi kuingia. Leo baridi, kesho kichwa, keshokutwa anangoja adhana.

Kuyatunza maji kulimwangukia Ruweida. Aliyemfundisha ni Nyange, binamu yake, aliyekuwa akitunza bwawa la hoteli moja huko kaskazini ya kisiwa. Alimweleza kwa simu, taratibu. Klorini ya maji, dawa ya kusafishia bwawa, ikaletwa kutoka mjini Chake kwenye madumu, ikawekwa kibandani, penye kivuli na hewa, mbali na dawa nyingine yoyote.

"Vaa glavu," Nyange alimwambia. "Na usiitie mchana. Jua linaila. Itie jua likishazama, mashine ya kuzungusha maji inafanya kazi, uipitishe polepole pale maji yanapotoka kwa nguvu."

Basi kila jioni, baada ya magharibi, Ruweida alikunja mikono ya dera lake, akavaa glavu, akamimina. Lakini alimimina kwa woga. Ile harufu ya dumu likifunguliwa ilimpanda puani, na aliona kama anampa mtu sumu. Akawa anatia kidogo, na kesho yake kidogo zaidi. Maji yalionekana safi bado. Ila kadiri watoto walivyozidi kuogelea, na majani yalivyozidi kudondoka, ndivyo uwani palivyozidi kujaa harufu kali iliyokaa kooni na kuwasha macho. Ruweida akajiambia dawa bado ni nyingi, akapunguza tena.

Siku moja asubuhi, mvua ya usiku imekwisha na kila jani linametameta, Bi Kazija aliamka mchangamfu. Alikunywa chai yake yote, akaomba kanga za zamani, zile asizojali zikirowa.

"Leo n'peleke," alisema. "Hafidh asije akasema mama yake kiburi."

Ruweida akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akakisukuma mpaka mlango wa uwani, akaufungua. Ile harufu ikawapokea pale pale mlangoni.

Bi Kazija akalishika gurudumu kwa mkono wake mzima.

"Kafa nani?" aliuliza.

"Hajafa mtu, mama."

"Nakuuliza kafa nani humu?"

Ruweida alidhani ni mazoea ya kazi. Kabla ya kuugua, Bi Kazija alikuwa muosha maiti. Wanawake na watoto wa Wawi na vitongoji vyake, wakifariki, yeye ndiye aliyekuja kuchukuliwa, hata mvua inanyesha, na hakuwahi kusema amechoka. Lakini alipoinama kumtazama, alimkuta mkwewe hayupo pale. Macho yalikuwa wazi yakitazama bwawa, na uso umekuwa wa mtu mwingine, kijana, mwenye hofu.

"N'toe," alisema Bi Kazija kwa sauti ndogo. "Mwanangu, n'toe hapa."

Siku ile hakula. Aligeukia ukutani, akavuta tasbihi mpaka usingizi ukamchukua.

Ruweida hakumimina tena. Aliufunga mlango wa kibanda, akaizima mashine, akawaambia watoto wa jirani bwawa bovu. Akaona ndiyo huruma aliyoiweza.

Mvua za masika zikanyesha. Maji yakaanza kupoteza rangi yake, asubuhi moja yakawa na ukungu, nyingine yakawa kama chai ya maziwa iliyotiwa rangi ya kijani, kisha yakawa kijani kabisa, mazito, na kuta zikaota utelezi. Vyura wakaja. Waliimba mchana na jioni, na darini kwa Ruweida pakawa peupe patupu. Alizoea kuamka na kitu kinachomngoja pale juu, sasa alifumbua macho akaona chokaa. Ilimshangaza jinsi alivyohuzunika.

Na mguu wa Bi Kazija ulikuwa ukizidi kukauka. Akimkanda mafuta jioni, Ruweida aliuona umekuwa mwembamba kama wa mtoto.

Ndipo alipompigia Nyange, akamweleza yote, na la "kafa nani" pia.

Nyange akauliza, "Kwani ulikuwa ukitia kiasi gani?"

Ruweida akamwambia.

"Basi ndiyo maana. Dada yangu, klorini ikitosha hainuki. Unasogea karibu husikii kitu, labda kidogo tu. Ile harufu inayochoma ni ya klorini iliyochoka. Imeshikana na jasho na uchafu wa watu, imeshindwa kuumaliza, imebaki kuning'inia juu ya maji. Ukiongeza ya kutosha, inaumaliza ule uchafu, harufu inaondoka."

"Niongeze ili isinuke?"

"Uongeze ili isinuke. Lakini kwanza usugue kuta, usafishe chujio pia. Halafu utie nyingi, jioni, mashine isizimwe. Mtu asiingie mpaka kipimo kikwambie imeshuka."

Ruweida alikaa na maneno hayo mpaka chai ikampoa mkononi.

Kesho yake alianza. Aliopoa majani kwa wavu, akawahamisha vyura mmoja mmoja kwa ndoo mpaka kwenye shamba la mpunga, akasugua kuta kwa brashi ya mpini mrefu hadi mabega yakamuuma. Jioni, alihakikisha dirisha la Bi Kazija limefungwa na pazia limeshuka, akavaa glavu, akafunika pua kwa barakoa, akamimina kama alivyoelekezwa, bila kusitasita. Klorini iliteremka ndani ya ule ukijani kama moshi mweupe, ikajikunja, ikatawanyika, ikapotea. Alisimama akiitazama mpaka giza likamzuia kuona. Mashine ikavuma kama mtu anayeimba mdomo umefumba, na ndani ya mvumo ule alilala.

Siku zilizofuata maji yaliondoka kijani yakawa kijivu, kutoka kijivu yakawa maziwa. Yeye alikuwa akisafisha chujio, akitia tena jioni, akipima. Kisha asubuhi moja alifumbua macho akaona dari inatembea.

Alishuka uwani peku. Sakafu ya bwawa ilikuwa wazi, kila kigae na mstari wake. Alipiga magoti, akaushusha uso mpaka karibu ya maji, akavuta pumzi. Yalinuka maji. Akachota kidogo kwenye kichupa cha kupimia, akatia matone ya dawa, na rangi ikatulia pale Nyange alipotaka itulie.

Hakumwambia Bi Kazija kitu. Alifungua madirisha yote ya upande wa uwani, akaendelea kupika. Bi Kazija alikaa dirishani na tasbihi yake. Alikaa sana. Mwisho aliita, "Ruweida. Maji haya umeyatoa wapi?"

"Ni yale yale, mama."

"Siyo yale."

"Ni yale yale. Yamesafishwa tu."

Bi Kazija akayatazama tena. "Basi n'shushe."

Waliteremka ngazi pamoja, Ruweida mbele, akirudi kinyumenyume, mikono yake chini ya viwiko vya mkwewe. Maji yalipomfika kiunoni, kanga zilijaa upepo, zikafunguka zikaelea kumzunguka kama ua, na ule mguu uliokuwa ukiburutwa ukanyanyuka wenyewe. Bi Kazija akaguna kwa mshangao. Alipiga hatua, kisha nyingine. Wakatembea hivyo, kimya, huku na huko, jua likiwapigia michirizi ya mwanga kifuani na usoni, mpaka Ruweida akaona kama ni wao waliosimama na bwawa ndilo linalotembea.

Kisha Bi Kazija akasimama. Akaunyosha mkono wake mlegevu juu ya maji, kama mtu aliyelaziwa kitu mkononi, na kwa mkono wa pili akaanza kuchota na kumimina. Alianza upande wa kulia. Alipitisha kiganja taratibu, kutoka juu kwenda chini, akimimina, midomo ikitamka. Ruweida aliwahi kumsaidia kuosha maiti. Aliijua ile mikono inafanya nini. Hakumwacha.

Alipomaliza upande wa kushoto, Bi Kazija akasema, "Hawakunipa n'muoshe."

"Nani, mama?"

"Mwanapili."

Ruweida hakuwa amelisikia jina hilo hata siku moja katika nyumba ile.

"Binti yangu. Hafidh alikuwa hajazaliwa," alisema Bi Kazija, macho yake kwenye mkono. "Tulikuwa kule kisiwani, Kojani. Kikaingia kipindupindu. Asubuhi alikuwa akicheza, alasiri hana hata machozi ya kulilia. Wakatupeleka kambini. Kila kitu walitia ile dawa, mwanangu, sakafu, ndoo, viatu, visima. Harufu yake imekaa mpaka ndani ya chakula. Alipokufa nikasema nipeni miye n'muoshe. Wakasema hapana, utaugua na weye. Wamemuosha wao kwa ile dawa, wamemfunga, wamemzika. Siwalaumu. Walikuwa wakiokoa waliobaki. Lakini miye n'mewaosha watoto wa watu mpaka n'kaugua, na wangu sikumuosha."

Machozi yalikuwa yakimshuka lakini sauti yake imetulia, sauti ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Ruweida akachota maji kwa viganja vyake viwili, akayamimina polepole juu ya ule mkono ulionyooka. Bi Kazija akamtazama, akakubali kwa kichwa. Wakamimina wote wawili.

Jioni Hafidh alipiga simu, kama kawaida yake, kuuliza mama amekula nini. Bi Kazija akaichukua mwenyewe. Ruweida alitaka kuondoka chumbani, mkwewe akamwonyesha kwa mkono akae.

"Hafidh, baba," alisema. "Weye una dada."

Sauti ya Hafidh, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ikasikika kama ya mtoto wa madrasa. "Alikuwaje, mama?"

"Mbishi," alisema Bi Kazija, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Mbishi kama weye. Ukimwambia njoo, huyo, anakimbia."

Tangu hapo alishuka majini kila asubuhi, na mguu ukaanza kurudi. Aliacha kiti, akashika mkongojo, akafika mpaka kwa jirani kuulizia hali. Ruweida aliendelea na kazi yake ya jioni, glavu mkononi, hana tena woga, na watoto wa jirani wakarudi, wakalazimishwa kukoga kwanza kabla ya kuruka.

Hafidh alikuja likizo baada ya Ramadhani. Hakupumzika hata kidogo; alimwambia mama yake anataka kwenda Kojani. Wakavuka wote watatu kwa boti, maji yametulia kama kioo, na Bi Kazija akashuka kwa miguu yake mwenyewe, mkono mmoja begani kwa mwanawe, akisalimiwa na watu waliomkumbuka na wengine waliomsikia tu.

Makaburi ya mwaka ule wa kipindupindu hayakuwa na alama. Palikuwa na nyasi ndefu na miti ya porini, na vijitundu vya jua vikitikisika chini. Bi Kazija alisimama akatazama upande huu na upande ule, akatikisa kichwa. Hakumbuki lipi la Mwanapili. Wakasoma Fatiha pale pale waliposimama.

Hafidh akaukunja mkono wa kanzu yake. "Niambie nianzie wapi kung'oa, mama."

"Anza popote," alisema Bi Kazija. "Wote hao wana mama zao."

Hafidh akachuchumaa, akashika fungu la kwanza la nyasi. Ruweida akavua viatu, akachuchumaa upande wa pili. Bi Kazija akatandikiwa kanga kivulini, akaketi, akaanza kuwasimulia, bila haraka, habari za mtoto aliyekuwa haitiki akiitwa.