Jino Lililoachwa Kambini

Nilipong'oka jino la chonge la utoto, bibi yangu, nkambo Numbi, alilitupa juu ya paa la nyumba yetu ya kambi ya wafanyakazi ili panya aniletee jipya. Ndivyo ilivyo desturi. Mwezi uliofuata baba akapata pensheni. Nyumba ilikuwa ya kampuni, basi tukahama, tukajijengea yetu mtaa wa Ruashi.

Jino jipya halikuja. Mwaka 1975 nilitimiza miaka kumi na minne nikiwa na pengo, nikicheka kiganja mdomoni kama mwizi wa karanga. Shuleni waliniita Dirisha. Lakini nkambo aliumia kuliko mimi. Majuto ni mjukuu, na yeye alikuwa akinitazama kila asubuhi.

"Ni makosa yangu, Kasonde," alisema. "Nilitupa pa nyumba ya kampuni. Panya ilileta jino, ikakuta tulisha kuhama."

Siku moja nilimkuta kule kambini, uani kwa watu tusiowajua, akiwaomba ngazi apande paani. Bibi wa miaka sabini! Nilimkasirikia mpaka nikalia. Kisha nikamshika mkono tukarudi nyumbani kwa miguu.

Baba alipopata habari akatupeleka kwa munganga wa meno, sitoyeni Ngosa, yaani raia, kama watu wote walivyoitwa enzi zile. Alinipiga picha ya eksirei, akaiinua dirishani. Jino langu lilikuwa ndani ya kaakaa, limelala ubavu, limekosa njia.

"Nitafungua nyama kiloko," alisema, akinionyesha ncha ya kidole, "nifunge jino na waya, tuivute polepole. Itakamata mwaka."

Mimi kisu nilikiogopa, nikafumba mdomo kabisa. Nkambo ndiye aliyeuliza.

"Docta, iko yake kweli? Haiko ya muntu mwingine?"

"Iko yake, mama. Haikutoka umu hata siku moja."

Nkambo aliketi, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilikuwa sijamwona akipumua kwa raha vile kwa miaka minne. Nilimpenda sana saa ile, nikafungua kinywa.

Waya ulikazwa kila mwezi. Siku hizo za maumivu nkambo alinipikia bukari laini, ule ugali wetu, na kunipondea samaki, akinifokea nikisaza.

Asubuhi moja nilihisi ncha ngumu kwenye ufizi. Nilimkimbilia jikoni, nikachukua kidole chake, nikakiweka pale.

"Eh!" alisema. "Kumbe tulihama nayo."

Nikacheka kwa sauti, mdomo wazi, maana mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika wake.