Harusi ya Harufu ya Mama

Jana usiku niliota nimealikwa harusini, chumbani kwa marehemu mama yangu. Kitanda hakikuwepo. Palikuwa na jiko la mkaa na sufuria, na ndani ya sufuria amekaa bwana harusi, Asidi Salisiliki, mweupe, mwenye pembe sita, amenuna.

"Umechelewa," aliniambia. "Tunafunga ndoa ili harufu ya mama yako irudi."

Nilimshukuru. Kila baada ya swala mama alikuwa akichua magoti yake kwa dawa ambayo harufu yake huzaliwa na ndoa kama hii. Tangu tumzike, khanga zake zimepoteza harufu ile, nami nimezinusa mpaka nimechoka.

Bibi harusi, Methanoli wa ukoo wa spiriti, ni mwepesi mno. Wamemfunika kawa asipeperuke. Mshenga ni tone la asidi ya salfa. Nikamuuliza nimpe nini.

"Sichukui kitu," alisema. "Nawaharakisha tu, kisha nabaki nilivyokuja."

Sasa sufuria inachemka. Bwana harusi anatoa oksijeni na hidrojeni, bibi harusi anatoa hidrojeni yake moja. Zinashikana, zinakuwa Maji. Maji anainuka, anavaa kandambili.

"Mie natoka," anasema kwa adabu. "Nikirudi, ndoa imevunjika. Ndiyo sheria."

Mara tuko makaburini, na sufuria iko juu ya kaburi la mama. Shangazi Zamda, aliyemwosha, amesimama pembeni.

"Siku ile nilikwambia machozi yasimdondokee maiti," alisema. "Na leo nakwambia tena. Usilie, mwanangu."

Siku ile sikulia. Nilijikaza, watu wakanisifu.

Shangazi akafunua kawa. Harufu ikatoka, ikawa mama kabisa, na magoti yake, na mkeka wake wa kuswalia. Nilimkumbuka mno. Nikajikaza kama siku ile, lakini safari hii sikuweza.

Chozi likadondokea sufuriani. Maji akabisha hodi, kwa adabu ile ile.

"Nimeitwa," alisema, akaingia.

Maharusi wakaachiana. Methanoli akapaa, asiage. Harufu ikakatika. Asidi akabaki peke yake, mweupe kama mwanzo, ila hakununa tena.

"Si kitu," aliniambia. "Chozi hilo umelibana siku nyingi."

Nikaamka. Mto ulikuwa umelowa, haunuki chochote. Pale palipolowa palikuwa na chembe nyeupe kama bwana harusi, nyembamba kama sindano. Nilizikusanya kwenye upindo wa khanga ya mama, nikakaa kitandani, nikamlilia.